Kazi ya Mzigo

Siku Mzigo alipoleta sehemu yake ya kazi ikiwa imekamilika, wenzake hawakufurahi. Walitazamana.

Lilikuwa jambo dogo, ila halikuwahi kutokea tangu mwaka wa kwanza. Walikuwa watatu kwenye kikundi, wanafunzi wa teknolojia ya habari wa mwaka wa mwisho, na mradi wao ulikuwa mfumo wa kupanga foleni ya wagonjwa hospitalini: mgonjwa ajiandikishe mlangoni, kompyuta imwelekeze kwa daktari, wa dharura apitishwe mbele. Kiongozi alikuwa msichana asiyependa mchezo waliyemwita Kepteni. Wa pili, Wakili, angeweza kubishana hata na ukuta. Wa tatu ndiye huyo Mzigo. Jina hilo alipewa na Wakili mbele ya darasa zima, siku kikundi kilipokatwa alama kwa sababu yake, likamganda. Lilipotajwa watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, kisha akajifanya anatafuta kitu begini.

Wiki moja nyuma, Kepteni alimkuta mgahawani akamwambia bila kukaa, "Ijumaa usipoleta kitu, naenda kwa msimamizi jina lako litolewe. Sitanii."

"Sawa, Kepteni."

"Hiyo sawa yako naijua."

Ijumaa akaja. Aliweka kompyuta mezani, akaifungua, akakaa pembeni mikono ikiwa mapajani.

"Nani kakufanyia?" Wakili akauliza.

"Nimefanya."

Kepteni aliingiza wagonjwa wa kubuni, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Foleni ikajipanga kama inayosukumwa na mkono. Hakuna kilichokwama. Ilikuwa kazi safi kuliko yake mwenyewe, na hilo lilimchoma kidogo. Alipoinama karibu na skrini, pua yake ikanasa harufu ya nywele zilizoungua. Akageuka kumtazama Mzigo. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi.

"Mbona unatetemeka?"

"Sijala," akasema, na ikawa kama ndiyo kwanza anakumbuka kwamba watu hula.

Wakamwongezea kazi. Nani asingemwongezea? "Gari limewaka," Wakili alisema, "wewe kanyaga mafuta tu." Na kwa kuwa maabara ya chuo ilijaa vikundi vinavyogombania meza, wakahamia nyumbani kwa Mzigo. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Sebule ilijaa vitambaa, sare za shule zisizo na vifungo, magauni yaliyoning'inia mlangoni kama watu wanaosubiri kuitwa. Chumba cha Mzigo kilikuwa nyuma, mwisho wa ukumbi mwembamba. Mama alikuwa mcheshi, akiwaita wote wanangu, na alifurahi kwamba hatimaye mtoto wake alikuwa na marafiki.

Mchana mmoja walikuwa sebuleni wanakula. Jua lilikuwa limesimama utosini na mtaa mzima ulikuwa kimya, hata watoto walikuwa wameitwa ndani. Mama alikuwa akikanyaga cherehani taratibu. Alipoacha ili abadilishe uzi, sauti nyingine ikasikika, nyepesi, ya haraka, kutoka nyuma ya nyumba. Tap tap tap tap. Mtu alikuwa anachapa.

Kepteni akaacha kutafuna. Wakili alikuwa mbele yake. Mzigo alikuwa kando yake, mikono mapajani, macho kwenye sahani. Kompyuta yake ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa miguuni pake.

"Mama," Kepteni akanong'ona, "nani yuko chumbani?"

Mama aligeuka na uzi mdomoni. "Si ninyi? Tangu asubuhi nasikia. Nilidhani mmoja wenu yuko huko."

Mzigo hakuinua kichwa. Kepteni akanyanyuka, Wakili akamfuata huku amemshika mkono wa blauzi, wakapita ukumbi ule mwembamba ambao siku nyingine ulikuwa wa hatua chache tu na leo haukuisha, na kadiri walivyokaribia ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyozidi, na sauti nayo haikupungua wala kuongezeka, ilikwenda vilevile kama ya mtu mwenye kazi nyingi asiyejali nani anakuja, mpaka Kepteni aliposukuma mlango akaona kitanda kilichotandikwa, dirisha lililofungwa, kiti, na meza tupu isiyo hata na karatasi, na juu ya meza ile tupu uchapaji ukiendelea mbele ya macho yao, tap tap tap, kisha ukakatika ghafla kama mtu anavyoacha anapogundua ameingiliwa, na kiti kikajisogeza nyuma.

Walijikuta uani, wameegemea ukuta, wanahema.

"Tuondoke," Wakili akasema. "Sasa hivi."

"Na kazi?"

Wakili akageuka kutazama mlango wa nyumba. Kazi ilikuwa imebaki kidogo, na kila aliyeigusa alijua kwamba ndiyo ingekuwa bora darasani.

"Tukishawasilisha tutamwambia mama yake," Kepteni akasema.

"Tukishawasilisha."

Wakarudi ndani. Mama akawauliza walikuwa wapi, wakasema walitoka kupunga upepo.

Baada ya hapo Mzigo alianza kupungua. Si mwili tu. Kazi yake ilizidi kunoga, lakini yeye alikuwa akipoteza vitu vidogo vidogo. Siku moja alisimama nje ya lango la chuo asijue aelekee wapi, Kepteni ikabidi amfikishe mpaka kwao. Siku nyingine shangazi yake alipita kuwasalimu, naye akampokea kwa heshima zote kama mgeni, akamuuliza alikotoka. Mbele ya msimamizi, hata hivyo, alieleza mfumo mzima bila kushika karatasi, shati lake likiwa limevaliwa ndani nje, na msimamizi akaishia kutikisa kichwa.

"Huyu ndiye mliyekuwa mnamlalamikia? Mngekuwa na adabu mngemwomba radhi."

Wakili alicheka. Kepteni hakuweza.

Siku chache kabla ya kuwasilisha, mama alimpigia Kepteni simu. Sauti yake ilikuwa chini sana, kama anayeficha mdomo kwa mkono.

"Mwanangu, njoo. Njoo na mwenzio."

"Kuna nini, mama?"

"Katoka chumbani kwake asubuhi, kanikuta kwenye cherehani. Kaniamkia vizuri tu. Halafu kaniuliza, samahani mama, hii ni nyumba ya nani?" Akavuta pumzi. "Hakuwa anatania. Nimemtazama machoni. Mtoto niliyemzaa mimi."

Walipofika walimkuta mganga ameshaitwa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, aliyevua viatu mlangoni na kukataa kiti. Aliingia chumba cha nyuma akifuatwa na wote, akawasha ubani, akaketi sakafuni mkabala na Mzigo aliyekuwa kitandani. Moshi haukupanda. Ulilala chini ukazunguka miguu ya meza.

"Wewe nani?" mganga akauliza.

Kinywa cha Mzigo kilifunguka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu, yenye adabu.

"Mwanakikundi."

Mama akashika kifua.

"Umeingiaje?"

"Nimeitwa. Alikaa hapa kitandani mchana, peke yake, analia, akasema yeyote anayeweza kunisaidia na aje. Nilikuwapo hapa kabla ya matofali haya. Wamepita wengi, wamezaliana, wamezikana. Hakuna aliyewahi kunikaribisha."

"Unachukua nini kwake?"

"Naandika kimoja, ananipa kimoja. Kanipa njia ya kurudi nyumbani. Kanipa shangazi. Kanipa nyimbo za utotoni." Mkono wa Mzigo ukainuka bila kichwa kugeuka, ukamwelekea mama. "Jana usiku kanipa uso wa huyu."

"Umtoke."

"Kwa nini? Kazi haijaisha, na wenye kazi hawajalalamika. Waulize hao wawili. Walinisikia. Walifungua mlango wakaniona, wakarudi kula, kisha wakaniongezea."

Mama aligeuka polepole. Kepteni alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, kuliko kutazamwa vile.

Mganga alizima ubani kwa kiganja. "Sina dawa ya kumtoa mtu aliyeajiriwa," akasema. "Alichoandika kifutwe. Kikibaki hata kipande, naye anabaki."

"Mama, subiri," Wakili akasema, jasho likimtiririka. "Tunawasilisha keshokutwa. Miaka yote hii, mama. Tuvumilie kidogo tu, tukishawasilisha tunafuta kila kitu, naapa—"

Mama akapiga magoti. Mtu mzima, tepe ya kupimia bado ikining'inia shingoni, alipiga magoti sakafuni mbele ya watoto wa umri wa mwanawe, akashika kiatu cha Wakili.

"Nirudishieni mtoto wangu."

Kepteni akatoa kompyuta yake begini. Akakosea nywila, akairudia. Alifuta ukurasa wa kuandikisha wagonjwa, na kitandani Mzigo akaanza kuguna wimbo wa kitoto, akikosea maneno. Alifuta sehemu ya madaktari, na Mzigo akamtaja shangazi yake. Chumba kilikuwa kimejaa ile harufu hata macho yaliwatoka machozi, na kutoka kwenye meza tupu uchapaji ulianza tena, wa kasi, wa hasira, kama mtu anayeandika upya kila kinachofutwa, na Kepteni akafuta haraka zaidi, akafuta nakala za kwenye mtandao na za kwenye kompyuta ya Mzigo, akafuta zile za akiba alizokuwa amezificha hata wenzake wasijue, kisha akamgeukia Wakili, akanyoosha mkono, na Wakili, akilia kwa kwikwi, akatoa simu yake na nakala ya mwisho ikaenda.

Uchapaji ukakoma. Dirisha lililokuwa limefungwa likafunguka lenyewe, upepo wa kawaida ukaingia.

Mzigo alipepesa macho, akatazama chini.

"Mama," akasema, "mbona umepiga magoti?"

Keshokutwa yake walisimama mbele ya jopo bila kitu. Walisema kazi imepotea. Msimamizi hakuwatazama. Wakafelishwa, wakaambiwa warudie mradi muhula unaofuata. Wakili alihamia kikundi kingine na akawa akimwona Kepteni anabadilisha njia.

Mzigo alinenepa. Mama alimshonea shati jipya, akawa anamtuma dukani ovyo ovyo ili tu afurahie kumwona akirudi. Kepteni naye alijiwekea nadhiri ya kumfundisha pole pole. Alimpa sehemu rahisi kuliko zote, ukurasa wa kuandika jina la mgonjwa na umri wake. Wakakaa nao maabara alasiri nzima. Mzigo alikosea, akarudia, akakosea palepale. Kepteni alieleza tena. Alikuwa amechoka, kichwa kinamgonga, na mtu wa kundi la pembeni alikuwa anachungulia huku anacheka. Lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Ah! Mzigo nawe!"

Mzigo alitoa mikono kwenye kibodi. Safari hii hakucheka.

"Unajua, Kepteni," akasema kwa upole, "kweli nilisahau mengi. Mama ananisimulia, tunalia wote. Lakini katika niliyoyasahau lilikuwemo jina hilo. Kwa wiki zile sikulijua. Mliponiita nilikuwa nashangaa mnamwita nani."

"Nisamehe. Limeniponyoka."

"Najua. Si kosa lako." Akafunga begi lake, akamshika bega kama mtu anayeaga kwa safari, akaondoka.

Kesho yake mchana simu ya Kepteni ikaita. Alikuwa mama. Aliielekeza tu simu mahali, na Kepteni akasikia, kwa mbali, kwa kasi, tap tap tap tap.

Alifika nyumba ile anakimbia. Mama alikuwa ukumbini, ameupa mlango mgongo, hana machozi. "Kaufunga tangu asubuhi," akasema. "Namwita haitiki. Mwite wewe."

Kepteni alifungua kinywa, akagundua kwamba miaka yote ile hajawahi kumwita kijana yule kwa jina lake. Ilibidi amuulize mama. Mama akamtajia, naye akalitamka mlangoni, mara ya kwanza kwa woga, kisha kwa sauti, kisha akilia, akagonga kwa ngumi mpaka mikono ikamuuma.

Mlango ukafunguka. Kijana alisimama pale amevaa shati jipya, ametulia, uso wake umekunjuka kama wa mtu aliyelala vizuri. Harufu ya nywele zilizoungua ilimtangulia. Nyuma yake kiti kilikuwa kitupu, meza ilikuwa tupu, na uchapaji ulikuwa ukiendelea.

"Shikamooni," akasema kwa heshima, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Karibuni. Mnamtafuta nani?"

"Namtafuta mwanangu," mama akajibu.

Kijana alifikiri kidogo. Kisha akageuza kichwa chumbani, kama mtu anayemuuliza mwenzake wa kazi, akasikiliza. Alipowarudia alikuwa na huruma ya kweli machoni.

"Pole, mama," akasema. "Anasema hayupo."

Akaurudisha mlango taratibu, asije akawabana vidole.