Nati Isiyokazwa

Kila alipotoka shule, Umeme alipitia kwanza gereji ya shangazi yake. Alivua sare nyuma ya pazia la ofisi, akavaa ovaroli iliyomzidi kimo, kisha akaanza kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Jina la Umeme alipewa na Shangazi mwenyewe, kwa sababu msichana huyo alifanya kila kitu upesi: kula, kuandika, hata kujibu swali ambalo mwalimu hajamaliza kuuliza. Majibu mengine yalikuwa sahihi.

Ijumaa moja Baba aliingia gerejini na pikapu yake, ikivuta trela iliyojaa matofali. Nyuma pikapu ilikuwa imelala chini, mbele imeinua pua juu.

"Kaka yangu," Shangazi alisema huku akifuta mikono, "hii gari inakwenda safari au inataka kupaa?"

"Cheka tu, dada. Nikifunga trela yenye mzigo, usukani unakuwa mwepesi mpaka naogopa. Na kesho napeleka vitanda vya zahanati kule ng'ambo ya mlima. Unaujua ule mteremko."

Shangazi akaacha utani. Aliinama, akatazama chini ya gari. "Springi za nyuma zimechoka. Trela inakandamiza nyuma, magurudumu ya mbele hayashiki barabara sawasawa. Kashushe matofali, uniletee gari kesho asubuhi. Tutaongeza bamba kila upande."

Asubuhi ya Jumamosi, Umeme alifika gerejini kabla ya wote. Springi za pikapu ni mabamba ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine na kushikwa kwenye ekseli kwa bolti ndefu zenye nati nne kila upande. Waliinua gari kwa jeki, wakalifungua fungu zima, wakaingiza bamba jipya, wakarudisha kila kitu mahali pake. Kisha wakalishusha gari chini ili kukaza nati kwa mara ya mwisho.

"Upande wa kulia ni wangu," alisema Shangazi. "Wa kushoto ni wako."

Umeme alihisi kifua kinajaa. Alikuwa ameosha vipuri muda mrefu akiisubiri siku hii.

Katika gereji ile kulikuwa na desturi moja. Nati ikishakazwa mpaka mwisho, aliyeikaza huipaka doa la rangi nyeupe. Fundi mwingine akiliona doa hagusi tena. Anajua kazi imekwisha. "Doa ni neno lako," Shangazi alizoea kusema. "Siku utakayopaka nati usiyoikaza, utarudi kwenye beseni la mafuta ya taa."

Umeme akaona njia ya mkato. Kopo la rangi liko wazi, brashi imelowa. Kwa nini asizipake zote kwa mkupuo mmoja, kisha akaze? Akapaka. Akachukua spana ndefu, akakaza nati mbili za nje, akakaza na moja ya ndani. Iliyobaki ilikuwa imejificha pabaya, spana haiingii vizuri. Alikuwa akitafuta spana fupi wenzake walipoita getini.

"Umeme! Mechi inaanza, na mfungaji ni wewe!"

Akatupa kitambaa, akakimbia. Shangazi alipopita upande wa kushoto aliona madoa meupe kwenye nati zote. Akatabasamu, akampa kaka yake ufunguo.

Uwanjani, Umeme alikuwa ameushika mpira wa pete mkononi, tayari kurusha, aliposikia honi. Pikapu ya Baba ilikuwa ikipita barabarani na trela tupu, nyuma imenyanyuka vizuri. Baba alimpungia mkono. Hapo ndipo nati ile ilipomjia akilini.

"Rusha!" wenzake walipiga kelele.

Hakurusha. Alisimama akijibishana na moyo wake. Labda itashika, alijiambia. Ni nati moja tu. Nikisema, narudi kwenye beseni. Lakini aliuona mteremko ule machoni mwake, na baba yake akiwa nyuma ya usukani. Akamwachia mwenzake mpira, akakimbia mbio zake zote hadi gerejini.

"Shangazi!" Alikuwa anahema. "Nati ya ndani, upande wangu. Niliipaka rangi lakini sijaikaza."

Shangazi alichomoa simu mfukoni, akampigia Baba. Iliita mpaka ikakatika. Baba akiwa anaendesha hapokei simu ya mtu yeyote. Ni tabia njema, ila siku hiyo iliwatesa.

"Lazima apakie vitanda kwanza," Shangazi alisema akivaa kofia ya pikipiki. "Chukua spana zote mbili. Panda!"

Walimkuta Baba kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, vitanda vilikotengenezwa. Trela ilikuwa imejaa vitanda, na yeye alikuwa akivuta kamba ya mwisho.

"Kulikoni? Nimesahau nini?"

Shangazi alimtazama Umeme. Umeme akalazimika kusema mwenyewe, mbele ya wapakiaji wote. Baba akatandika gunia kavu chini ya gari. "Haya, fundi. Ingia."

Nati ilizunguka na kuzunguka kabla haijagoma. Umeme alipotoka, macho yalikuwa yamejaa machozi. Shangazi naye akaingia chini, upande wake. Alikawia huko, na alipotoka hakuwa na uso wa kugomba.

"Kaka, hata nati zangu zimelegea kidogo. Bamba jipya likipata mzigo hujipanga, na nati hutaka kukazwa tena. Nilijua, nikasema tutafanya ukirudi. Nilikosea. Ilipaswa iwe kabla ya mteremko."

"Kwa hiyo asingesema..." Baba alianza.

"Asingesema, hakuna ambaye angetia spana hapa leo."

Kisha Shangazi akamgeukia Umeme. "Jumatatu unarudi kwenye beseni, neno langu ni lile lile. Sitakwambia haraka haraka haina baraka, hiyo umeisikia tangu utotoni. Nakwambia hivi: kila fundi hukosea, mimi nimekosea leo. Kosa lililosemwa mapema hurekebishwa kwa spana. Kosa lililofichwa hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu unayempenda. Umeona aibu, lakini umesema. Hapo umekuwa fundi kuliko ulipokuwa unakaza."

Akamkabidhi spana ndefu. "Pitia nati zote. Zako na zangu."

Safari hii Umeme hakwenda upesi. Wapakiaji walimaliza soda zao, mmoja akauliza kama msichana amelala huko chini. Baba alikaa kwenye usukani, mikono magotini, gari limezimwa.

Umeme akatoka, amechafuka mpaka masikioni.

"Vipi?" Baba aliuliza.

"Zote nimezikaza, Baba. Nenda."

Ndipo Baba akawasha gari.