Kifuniko Kilichokaa Sawasawa

Maiti ya Mhandisi Reuss ilikutwa asubuhi katika kiwanda cha ndege za vita, ndani ya bawa lililozibwa kwa kifuniko, imekunjwa kama nguo chafu, fuvu limepasuka. Inspekta Tesche alipofika kutoka Leipzig, walinzi walikuwa wameshamfunga kamba mfungwa wa Kipolandi. Saa sita mchana wangemnyonga.

"Marehemu alifuata nini hapa?" Tesche alimwuliza Bi Trude, mpiga ribiti za kuunganisha mabati ya ndege, ambaye kiwanda kizima kilijua hakai na neno tumboni.

"Kupunguza namna za ndege, Inspekta. Ndege ile ile moja inatengenezwa kwa namna kumi na moja. Wizara inataka namna moja, kifuniko cha hapa kiingie hata ndege ya Bremen. Juzi alitangaza kantini kuwa namna yetu inafutwa. Hata supu ilitushinda, na njaa hii unaijua."

Tesche akachukua vifuniko vitano kwenye rundo, akavijaribu kwenye bawa lile. Kimoja kikubwa, kingine kidogo, vyote vikagoma. Kile kilichoziba maiti kilikaa kama ukucha kwenye kidole. Ukingo wake uling'aa, umepigwa tupa karibuni.

"Mpolandi anajua tupa?"

"Yule?" Trude akaguna. "Anasukuma toroli. Tupa ni ya mzee Behr na vijana wake watatu, na vijana jana jioni walipelekwa mjini kuzima moto wa mabomu, wakakesha huko."

Fundi Behr alikuwa mezani kwake, anafanya kazi.

"Mzee Behr, umeua mtu, halafu ukabaki unapiga tupa?"

Behr akaweka tupa chini. "Kifuniko kilikuwa na mwanya."

"Ungeuacha, nisingekupata."

"Miaka thelathini na mbili sijatoa kazi yenye mwanya."

"Reuss alikukosea nini?"

"Vifuniko vikikatwa na mashine, nani atahitaji tupa? Mwanangu Lothar yuko meza hii, ndiyo maana jeshi halijamchukua. Kaka zake wawili wamezikwa Urusi. Nilimsihi Reuss. Akasema vijana wote wataenda vitani. Nikampiga nyundo."

"Na Mpolandi ungemwacha anyongwe?"

"Ningemwacha."

Tesche akaagiza Mpolandi afunguliwe, akatoa pingu. "Mzee, Jumatatu wizara itamleta mhandisi mwingine na amri ile ile."

"Najua." Behr akanyoosha mikono. "Leo Ijumaa. Lothar atalala nyumbani siku tatu."