Shuka Lililokatwa Namba

Kila Jumamosi asubuhi bwenini tulitandua vitanda na kupanga foleni ya kufua. Kila shuka lilikuwa na namba ya kitanda, imeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye kona. Jumamosi ile matroni alitokea nyuma ya tangi la maji ameshika shuka lenye damu. Kona yake ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

"Nani amekata namba?" aliuliza.

Kufikia saa nne umbeya ulikuwa umeenea: eti kuna msichana ametoa mimba. Tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Aliyeshika tumbo alishukiwa, aliyechelewa bafuni alishukiwa. Kiranja wetu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akamnyooshea kidole Twiga, rafiki yangu mrefu.

"Juzi alitapika! Mnataka ushahidi gani tena?"

"Ni yale maharage mabichi, jamani! Hata wewe uliyalalamikia!" Twiga alijitetea.

Hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu mkuu akaagiza baba yake aitwe, aje amchukue.

Mimi nilijua ukweli. Shuka lilikuwa langu. Ijumaa niliamka nikaona damu, ya kwanza maishani mwangu, nikaogopa kuchekwa. Nikakata namba, nikalificha shuka nyuma ya tangi, nikatandika jingine la akiba. Kitambaa chenye namba kumi na nne kilikuwa ndani ya soksi yangu, na kila aliyetazama miguu yangu nilidhani ameshanigundua.

Nilimkuta Twiga akifunga sanduku huku analia.

"Hata wewe huniamini?" aliniuliza.

Nilikimbia hadi ofisini, nikavua soksi mbele ya mwalimu mkuu na matroni, nikaweka kitambaa mezani.

"Ni langu. Twiga hana kosa."

Matroni alishusha pumzi. "Kumbe mwanangu umevunja ungo tu!" Akanipa pedi, akanifundisha kuzitumia.

Mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe bwenini kumwomba Twiga radhi mbele ya wote. Kiranja aliinamisha kichwa.

Jioni matroni alinipa sindano na uzi mwekundu nirudishe namba kwenye shuka. "Damu ile haikuwa aibu, mwanangu. Kosa lako ni kunyamaza mwenzako akisingiziwa. Na sisi wakubwa tulikosa, tulihukumu kabla ya kuuliza. Siku nyingine ukiogopa, njoo kwangu kwanza."

Nilishona vibaya, nikijichoma vidole. Twiga, aliyekuwa amenikasirikia mchana kutwa, alinitazama weee, kisha akaninyang'anya sindano.

"Lete hapa. Hata kushona hujui."