Rivolva Aliyoichagua Verna

Jua lilikuwa linakaribia vilima vya Arkansas, Marekani, wakati Verna Stallcup alipoegesha gari mbele ya duka la bunduki la Hoyt. Alikuwa ametoka kazini, jikoni mwa shule, nguo zikinuka mafuta ya kukaangia. Bunduki hakuwahi kuzipenda maishani. Lakini tangu amzike mumewe, kila magharibi kitasa cha mlango wake kilizunguka chenyewe. Polepole. Kisha kikatulia. Polisi walikuja wakamulika uwanja mzima, wasione hata alama ya kiatu.

Hoyt alimpangia bastola juu ya kioo. Ile nyembamba, alisema, inaingia kwenye mkoba na hutausikia uzito wake, ila ukifyatua inapiga mkono teke. Ile ya magazini, kisanduku cha risasi ndani ya mpini, inabeba nyingi, lakini sehemu ya juu inataka nguvu kuivuta nyuma ili risasi iingie. Verna alijaribu, vidole vyake vyenye baridi yabisi vikashindwa. Hoyt hakumcheka. Alimshauri asiwe na pupa, aje kwanza uwanja wa shabaha ajaribu mbili tatu, kwa sababu silaha ya kutembea nayo kila siku lazima mkono uizoee.

Simu ikaita. Hoyt akaenda nyuma.

Ndipo Verna aliposikia harufu. Udongo mbichi... kama kaburi lililochimbwa baada ya mvua.

Begani kwake alisimama bibi kizee mwenye koti la mvua. Hakumsikia akiingia. Kizee alinyoosha kidole kwenye rivolva kuukuu, bastola ya silinda ya risasi inayozunguka, iliyolala pembeni mwa kabati.

"Ile," akanong'ona. "Haina mambo mengi. Unavuta tu. Yenyewe inajua."

Hoyt aliporudi, Verna hakumwona tena yule bibi, akaomba aishike ile rivolva. Ilikaa kiganjani vizuri mno, kana kwamba ni yenyewe iliyomshika. Ushauri wote wa Hoyt ukamtoka kichwani. Ukaguzi wa serikali wa rekodi zake ulipopita, akaondoka nayo na risasi zake.

Nyumbani hakuwasha taa. Alikaa sebuleni, rivolva mapajani, akiutazama mlango. Nje bado kulikuwa na mwanga hafifu.

Harufu ya udongo ilikuwa imeingia naye ndani.

Kitasa kikazunguka.

Verna akauliza ni nani. Mkono wake wa kulia ukapanda, ukaelekea mlangoni. Hakuunyanyua yeye. Kitu cha baridi kilikuwa kimelala juu ya vidole vyake, kimoja kimoja, kikivibana. Kifyatulio kikaanza kurudi nyuma...

"Vuta," ikasema sauti sikioni. "Mimi nilivuta."

Mlango ukafunguka. Kivuli cha mtu kikasimama kizingitini.

Verna aliukamata mkono wake kwa mkono wa pili, akaubamiza kwenye meza iliyokuwa kando yake kwa nguvu zake zote.

Mlio ukatikisa madirisha.

"Mama?"

Alikuwa Darla, bintiye. Alikuwa amesikia kwamba mama yake anaogopa kulala peke yake, akaendesha gari kutoka mji wa Tulsa bila kumwambia, akafungua kwa ufunguo wake wa zamani. Muziki wa vipokea sauti masikioni ulimzuia kusikia akiulizwa. Risasi ilikuwa imetoboa sakafu karibu na kiatu chake. Walikaa chini wakashikana.

Asubuhi waliirudisha rivolva. Hoyt alisikiliza, rangi ikimwondoka usoni.

"Yule bibi nilimwona, Bi Verna," alisema. "Mlipokuwa mnatoka. Alikuwa amekushika kiwiko. Nikadhani ni mama yako."

Alieleza kwa shida kwamba rivolva hiyo ilitoka nyumba moja ng'ambo ya mto. Mama wa nyumba hiyo alisikia kitasa jioni moja, akapiga risasi kupitia mlangoni. Aliyemuua alikuwa mwanawe, akirudi kutoka jeshini. Mama huyo hakuumaliza mwaka.

Nani basi alikuwa akizungusha kitasa kabla Verna hajakanyaga dukani? Hakuna ajuaye. Hakijazunguka tena.

Darla amehamia kwa mama yake, na nyumba ina kicheko sasa. Ila kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Verna hakijapata joto. Daktari anasema ni kwamba damu haifiki vizuri. Verna huitikia tu. Hajamwambia daktari, wala mtu yeyote, kwamba Darla anapompa mgongo akiosha vyombo, kidole hicho hujikunja...

taratibu...

kama kinavuta.