Siku Mama Dobi Alipomwosha Sungura

Nyumba ya Mama Dobi huamka na harufu ya sabuni. Kabla jua halijapanda, mabeseni matatu yamekwisha kupangwa uani: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Mama hufua. Baba hupiga pasi. Binti yao wa miaka kumi hushona vifungo vilivyong'oka, na ndiyo sababu mtaa mzima humwita Kifungo.

Mama Dobi ana jicho kali. Doa ambalo wewe hulioni hata kwa miwani, yeye huliona akiwa mlangoni. Mgeni akiingia, kwanza humtazama kola, kisha ndipo humsalimia. Wateja wanampenda kwa hilo. Familia yake inampenda pia, ila inanawa miguu mara nyingi mno.

Jumamosi moja, baba mdogo wa Kifungo alileta mtoto wa sungura ndani ya kikapu. Alikuwa mweupe, wa miezi miwili, na masikio yake yalikuwa makubwa kuliko adabu zake. Kifungo alimpa jina la Povu.

"Mama, naomba akae kwetu," Kifungo alisema.

"Humu ndani mna nguo za watu," Mama alijibu. "Atakaa. Lakini siku nitakayoona uchafu, anarudi alikotoka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Wakamweka kwenye sanduku la mbao chini ya meza ya pasi. Kifungo alimpa majani ya kabichi. Mama alifuta sanduku lile asubuhi, mchana na jioni. Siku tatu zikapita salama.

Siku ya nne, asubuhi na mapema, Mama aliinama kuchukua kapu la nguo. Akamwona Povu ameingiza kichwa chini ya tumbo lake mwenyewe. Alipokiinua, alikuwa anatafuna.

"Baba Kifungo!" Mama alipiga kelele. "Njoo uone makubwa! Mnyama wako anakula choo chake!"

"Leo amekuwa wangu?" Baba aliuliza, pasi mkononi.

"Anarudi leo hii. Siwezi kufua mashati ya watu na mla choo chumbani."

Machozi yakamtoka Kifungo. Alikuwa amemzoea Povu kwa siku tatu tu, lakini ilikuwa kama miaka mitatu. "Mama, usimrudishe. Tumsafishe. Akiwa safi si atakaa?"

Mama alimwangalia mwanawe, na moyo wake ukalainika. Yeye si mkatili. Isitoshe, ukimwambia Mama Dobi kuna kitu cha kusafishwa, umemshika pale pale anapopenda.

"Haya. Lete sabuni."

Povu akaingizwa kwenye beseni. Akasuguliwa, akasuuzwa mara mbili. Mama alitaka hata kutia tone la buluu kwenye maji ya mwisho, ili weupe uonekane vizuri. Baba akamzuia.

"Bado kumkamua tu na kumwanika kwenye kamba," Baba alisema.

Hakuanikwa kwenye kamba. Aliwekwa kikapuni, chini ya kamba, penye upepo. Mama akarudi kwenye mashati yake, ameridhika kabisa.

Baada ya muda, Kifungo alikwenda kumtazama. Povu alikuwa amejikunja, anatetemeka. Manyoya yalikuwa yamegandana na ngozi. Masikio yalikuwa baridi kama maji ya mtungi. Alipopewa jani, hata hakulinusa.

"Mama! Povu anakufa!"

Mama alikuja mbio, mikono ikichuruzika maji. Alipomgusa, aliogopa kwelikweli. "Mwanangu, mimi nilitaka awe safi tu," alisema. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Kimbia kwa Bibi Mifugo!"

Bibi Mifugo ni jirani yao. Kazi yake ni kuzunguka akitibu mifugo na kuwafundisha watu namna ya kuitunza. Koti lake jeupe hufuliwa hapo hapo kwa Mama Dobi, na kila wiki hurudi na doa jipya.

Alifika upesi. "Nipeni taulo kavu. Nyingi!"

Akamkausha Povu polepole, akibadilisha taulo kila ilipolowa. Akaagiza chupa ya maji ya moto, akaiviringisha kwa kitambaa, akamlaza Povu pembeni yake.

"Nimsogezee pasi?" Baba aliuliza.

"Pasi yako iweke mbali, shemeji. Joto kali linamdhuru kama baridi. Na kitu kingine: pale chini ya meza ya pasi, mlipoweka sanduku lake, si pa kumweka sungura. Pana joto na mvuke. Anataka kivuli na hewa."

Wakakaa wakisubiri. Mama hakurudi kufua, jambo ambalo halijapata kutokea mchana wa siku ya kazi. Baada ya kitambo kirefu, masikio ya Povu yakaanza kupata joto. Bibi Mifugo akamwekea nyasi kavu mbele ya pua. Povu akanusa. Akavuta unyasi mmoja. Akatafuna.

Kifungo alicheka na kulia kwa pamoja.

"Bado tumwangalie," Bibi Mifugo alisema. "Mtoto wa sungura akiacha kula, au asipopata choo kwa nusu siku, msingoje kesho. Mleteni haraka. Sasa niambieni, nani alimwogesha?"

Mama alitazama chini. "Ni mimi, dada. Nilimwona anakula choo chake. Nikasema huyu mchafu."

Bibi Mifugo hakumcheka. "Si wewe wa kwanza kudhani hivyo. Sikiliza. Sungura ana choo cha aina mbili. Kimoja ni kigumu, vidonge vya mviringo. Hicho hakigusi. Kingine ni laini, kinang'aa, kimeshikana. Hicho ndicho anachokula, tena moja kwa moja kutoka mwilini. Ni chakula chake. Nyasi zikipita mara ya kwanza, bado zina nguvu ndani yake. Basi anazila mara ya pili. Ukimzuia, atadhoofika."

Mama aliziba pua, ingawa hapakuwa na harufu yoyote.

"Ng'ombe anacheua, sivyo?" Bibi Mifugo aliuliza. "Anakirudisha chakula mdomoni, anakitafuna upya. Sungura hawezi kucheua. Hii ndiyo njia yake."

"Na maziwa ya ng'ombe nakunywa kila asubuhi," Mama alisema taratibu, kama mtu anayejisuta.

Baba akakohoa ili asicheke.

"Kwa hiyo haoshwi kabisa?" Kifungo aliuliza.

"Haoshwi. Anajiosha mwenyewe kwa ulimi na miguu yake. Akichafuka mahali, futa mahali hapo tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha mkaushe. Kinachooshwa ni nyumba yake."

Mama aliinua kichwa. "Nyumba yake inaoshwa?"

"Sana! Nyasi za kulalia zilizolowa zitolewe kila siku. Vyombo vya chakula na maji vioshwe kila siku. Sanduku lisuguliwe kila wiki, lisuuzwe mpaka harufu ya sabuni iishe, lianikwe juani likauke, ndipo arudishwe."

"Hapo umenipata, dada," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Na chakula?" Kifungo aliuliza.

"Nyasi kavu, usiku na mchana, rundo linalomzidi ukubwa. Maji safi wakati wote. Majani mabichi kidogo, yasiwe na maji maji. Kabichi nyingi itamjaza gesi. Chakula kipya mwanzishie kidogo kidogo, tumbo lake bado changa. Na ukimbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Usimnyanyue kwa masikio hata siku moja."

Siku ya pili yake Baba aligongelea sanduku miguu minne, ili paka na mbwa wasifike. Akaliweka barazani penye kivuli. Kifungo alileta nyasi. Mama alisugua vyombo vya Povu mpaka vikang'aa kuliko vya kwake.

Povu akanenepa. Akaruka, akacheza. Lakini kila alipomwona Mama Dobi alikimbilia pembeni na kujificha. Hakuwa amesahau beseni. Jambo hilo lilimuuma Mama kuliko alivyosema.

Basi kila alasiri, kazi ikipungua, alisuuza mikono vizuri, akamtoa Povu sandukuni, akaketi chini na kunyamaza. Hakumgusa. Wiki ya kwanza Povu hakusogea. Wiki ya pili alikuja nusu ya njia, akageuka.

Wiki ya tatu alikuja mpaka miguuni pa Mama. Akanusa pindo la gauni lake. Kisha akaketi hapo hapo, akalamba miguu ya mbele, akajifuta uso, akavuta sikio moja chini akalisafisha, akavuta la pili.

"Mama!" Kifungo aliita kutoka ndani. "Kuna mteja!"

"Mwambie asubiri," Mama alinong'ona bila kujitikisa. "Mwenzangu yuko kazini."