Mkia wa Msafara

Kila Jumamosi asubuhi, Mshale alikuwa wa kwanza kufika kituo cha basi. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya miguu yake, maana msichana huyu hakuwa anatembea, alikuwa anachomoka. Alisimama kando ya benchi la saruji, mfuko mgongoni, ndani yake chupa ya maji, viazi vya kuchemsha na sweta. Wenzake walipofika mmoja mmoja huku wakipiga miayo, aliwapokea kwa swali lile lile, "Hivi nyinyi kwenu hakuna jogoo?"

Walikuwa wanachama wa chama cha matembezi cha shule. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyekianzisha, kwa sababu aliamini kwamba mtoto hahitaji gari ili aione nchi yake. Walipanda basi la kawaida hadi kituo cha mwisho, na kutoka hapo ilikuwa ni miguu tu. Walikatiza shamba la mama mmoja, wakapanda kilima, wakateremka upande wa pili mpaka baharini, kisha wakarudi kwa njia ile ile. Barabara kubwa nayo ilifika baharini, lakini huko malori ya kokoto yalipita kama yanafukuzwa, na mwalimu alikwisha kuapa kwamba hatampitisha mtoto wa mtu hapo.

Shamba lile lilikuwa na lango la mbao. Mwenyewe aliwaruhusu kupita kwa sharti moja, lango lifungwe. Ndiyo maana kila msafara ulikuwa na mkia, yaani mtu wa mwisho kabisa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyeachwa na lango limefungwa. Jumamosi moja, mwalimu alimpa Mshale kazi hiyo.

"Mimi, mwalimu? Mkia?"

"Wewe hasa. Nataka leo uione migongo ya wenzako."

Wote walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Kobe, mvulana mnene mwenye pumu, aliyezoea kuwa wa mwisho. "Karibu kwetu," alimwambia Mshale. "Huku nyuma kuna upepo mzuri." Daktari ndiye aliyemshauri Kobe atembee, na tangu ajiunge na chama alikuwa anapanda ngazi za shule bila kusimama katikati. Mama yake alikuwa ameshamtangazia habari hiyo hata muuza mkaa.

Matembezi yalikwenda vizuri mpaka wakati wa kurudi. Walipokuwa wanalikaribia lango, basi lilipiga honi kule kituoni, na watoto wakatimua mbio. Mshale alipita langoni wa mwisho, akalivuta. Komeo lilikuwa limevimba kwa mvua, likagoma kuingia. Alilisukuma, likagoma tena. Akatazama basi, akatazama migongo ya wenzake inayozidi kuwa midogo, na mwili mzima ukamwasha. "Aa, litakaa tu," alijisemea, akaliachia na kuchomoka. Nyuma yake alisikia bawaba zikilia na lango likijifungua taratibu. Hakugeuka.

Karibu na basi alipishana na Kobe akirudi mbio. Alikuwa ameisahau kofia yake kwenye nguzo ya lango, alikoitundika alipokuwa anafunga kamba za viatu. Dereva alimsubiri huku akinung'unika. Kobe alipopanda, alikuwa anahema mpaka mabega yanacheza. "Leo nimekuwa mkia wa mkia," alisema, na Mshale akacheka pamoja naye.

Jumamosi iliyofuata walikuta lango limezibwa kwa matawi ya miiba na waya. Mama mwenye shamba alisimama upande wa pili, jembe mkononi. Nyuma yake, matuta ya maharage yalikuwa yamebaki vijiti vitupu.

"Shikamoo, mama," watoto walisema.

"Marahaba. Rudini mlikotoka." Hakupaza sauti, na hilo liliwatisha zaidi. "Ndama wangu waliingia humu siku ile mlipopita. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Niliwaomba kitu kimoja tu. Kimoja! Nani alikuwa wa mwisho?"

Mwalimu aligeuka. "Mshale, ulifunga lango?"

Macho yote yalimwangukia. Neno "hapana" ni fupi, lakini halikutoka.

"Nilifunga, mwalimu," alisema.

Kobe akainua mkono. "Mimi nilirudi kuchukua kofia. Ilikuwa hapo kwenye nguzo. Labda niligusa komeo likafunguka. Sikuangalia, mama. Kwa kweli sikuangalia."

"Labda!" mwenye shamba alifoka. "Mtoto mkubwa hivi hujui kutazama nyuma yako? Hiyo labda yako nikaipike?"

Kobe aliinamisha kichwa na kuomba radhi. Mshale alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haina huruma ya namna hiyo. Walirudi kituoni kulisubiri basi, na hakuna aliyetaka kukaa karibu na Kobe.

Darasani walimpa jina jipya, Ndama. Mtu alichora ubaoni ndama aliyevaa kofia, akila maharage. Mshale aliifuta picha hiyo kabla mwalimu hajaingia, akajiona ametenda wema, halafu akajichukia kwa kujiona hivyo. Usoni alicheka na wenzake kama kawaida, lakini kila aliposikia neno "Ndama," aibu ilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni.

Jumatano, Kobe alimfuata kwenye bomba la maji.

"Nimekuja kukuomba samahani," alisema.

"Mimi? Ya nini?"

"Mwalimu alikuuliza wewe mbele ya watu, kumbe kosa langu. Nimekutia aibu bure." Alikuwa anachora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Nimeamua kutoka chamani. Mimi nikiondoka, huenda yule mama atawafungulia njia. Nyumbani nimewaambia miguu inauma."

Maji yalijaa kwenye chupa ya Mshale, yakafurika, yakamlowesha viatu, naye amesimama tu. Kobe aliondoka akidhani amesamehewa.

Jioni hiyo Mshale alimpelekea baba yake chai kwenye karakana ya useremala. Baba alikuwa anapiga randa ubao wa meza, na unga wa mbao ulikuwa umemjaa mpaka kwenye nyusi. Mshale alitua chupa ya chai, na badala ya kuondoka akabaki amesimama.

"Una nini leo? Umekuwa nguzo?" baba alimtania.

"Baba, mtu akisema uongo, halafu mwenzake akabeba lawama..."

Baba aliweka randa chini. Mshale akaeleza yote, machozi na kamasi vikimtoka pamoja. Alipomaliza, alingoja akaripiwe au abembelezwe. Kwa kweli angelipokea lolote.

"Nimekusikia," baba alisema. "Lakini mwanangu, umekuja kuniambia mimi. Mimi sina maharage. Wala mimi siitwi Ndama." Akachukua randa yake. "Kunywa chai kidogo, ulale. Kesho unajua pa kwenda."

Alhamisi asubuhi, Mshale alisimama mbele ya darasa. Mwalimu alikuwepo, na Kobe alikuwa kwenye dawati lake karibu na dirisha.

"Aliyeacha lango wazi ni mimi," alisema. "Komeo liligoma, nikaliacha. Kobe alilikuta limeshafunguka. Nilisema uongo."

Mtu alipiga mluzi huko nyuma. Mwingine akasema, "Kumbe njia ya mwongo ni fupi hata kwa Mshale!" Wakaangua kicheko mpaka mwalimu akagonga meza. Kobe hakucheka.

"Kwa hiyo jana nilikuomba samahani," alisema polepole, "na wewe ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza kabisa."

Kicheko cha darasa zima hakikumuuma Mshale kama maneno hayo mawili.

Jumamosi walipanda basi kama kawaida, safari hii wakiwa na mbegu na majembe ya shule, pamoja na Kobe, aliyeombwa na mwalimu asitoke chamani. Mwalimu hakumsemea Mshale. Alimwacha aende mwenyewe mpaka kwenye miiba, aamkie, aeleze. Mama mwenye shamba alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akazunguka ule uzio wa miiba, akampita, akaenda kusimama mbele ya Kobe.

"Mwanangu, nilikufokea mbele ya watu, nawe huna kosa. Nisamehe."

Kobe hakujua aweke wapi mikono. Hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. "Hakuna neno, mama," alijibu.

"Na mimi nisamehe," mwalimu alisema, akiwa ameinamisha macho. "Nilisikia wakikuita Ndama, nikaacha, kwa sababu nilidhani unastahili." Watoto walioshindana kumwita Kobe jina hilo walianza kutazama viatu vyao.

Mama aliwaingiza shambani kwa upenyo aliotokea yeye, wakalima mpaka jua likawa la utosi. Waliinua matuta upya na kufukia mbegu, na Mshale alifanya kazi bila kuinua kichwa mpaka malengelenge yakamtoka viganjani. Kazi ilipokwisha na watoto wakarudi nje kuchukua mifuko yao, mama yule alikata waya, akaburuta miiba pembeni. "Piteni," alisema. "Njia ni yenu tena." Watoto walipita wakishangilia, Kobe akiwa katikati yao. Mshale peke yake alibaki, kwa sababu hakuona kama ruhusa ile ilimhusu na yeye.

Mama akamwita. "Njoo hapa. Maharage si kitu, yataota. Uchovu na haraka humpata kila mtu, hata mimi nimewahi kusahau lango hilo. Lakini uongo wako ulinifanya nini? Ulinifanya nimwonee mtoto wa mwenzangu, huku najiona nina haki. Mwalimu wako akamwonea, wenzako wakamwonea, na hakuna aliyejua. Mtu anaposema uongo hatendi ubaya peke yake, mwanangu. Anawakodi watu wema wamtendee ubaya huo kwa niaba yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama," Mshale alisema, machozi yakimdondoka juu ya malengelenge.

"Basi nenda. Na yule mwenzako, kama leo hataki kukusemesha, usimlazimishe. Ana haki yake. Wewe tembea naye tu."

Mshale alifunga lango, akalijaribu kwa mikono miwili, akawafuata wenzake. Alimkuta Kobe chini ya kilima, ameanza kupanda taratibu kama alivyofundishwa na daktari. Mshale alijiweka kando yake, akapunguza mwendo, na wakapanda pamoja bila kusemezana mpaka walipoiona bahari.