Waliofunzwa Kuitika

Haya kanihadithia shoga yangu Muhsina, na hataki nimuulize tena.

Muhsina husomesha Kiswahili katika chuo kikuu kikongwe cha Ujerumani. Alikuwa amekwenda kwao Maskati, Omani, mtaa wa Al Khuwair, akisomesha kwa kompyuta. Mchana huo, mapazia yameshushwa kuzuia jua, aliwafunza wanafunzi adabu ya kwetu: ukiitwa, mwanamume huitika "Naam," mwanamke "Abee." Wapate kuzoea, akawawekea sauti ya marehemu bibi yake, aliyoirekodi kwa siri bibi akimwita kutoka jikoni. Bibi huyo huyo ndiye aliyemkanya, "Usimwitikie usiyemwona."

"Muhsina! Njoo ule!"

Darasa likacheka, likaitika.

Kisha sauti ikasema, "Lukas! Njoo ule!"

Lukas akadhani mwalimu anafanya mzaha. "Naam!" Kidirisha chenye sura yake kwenye kompyuta kikawa cheusi.

"Mei! Njoo ule!"

"Abee!" Giza.

Muhsina akapiga kelele, "Msiitike!" Wanafunzi wakadhani nalo ni zoezi, wakalirudia pamoja, "Msiitike!" Sauti ikaendelea kuwaita mmoja mmoja, nao wakaitika kwa matamshi mazuri kabisa, mpaka kioo kizima kikawa giza.

Akaifunga kompyuta. Nyumba ikanyamaza.

Jikoni, mfuniko wa sufuria ukalia.

"Ruba! Njoo ule!"

Ruba ni bintiye, aliyezaliwa baada ya bibi kuzikwa. Alikuwa amelala chumbani, na mamake amemlea kwa adabu.

"Abee, bibi," mtoto akaitika, na vijiguu vyake vikasikika vikikimbilia jikoni.